Amani ya Moyo katika Kazi Ndogo

Katika nyumba zetu nyingi kazi hufanywa na mikono peke yake, na moyo uko mbali. Mama apeta mchele huku akiwazia ada ya shule. Baba apalilia huku akihesabu deni. Kijana afua nguo, na jicho lake li kwenye simu. Jioni wote wamechoka kupita kipimo cha kazi waliyoitenda, na neno dogo tu lawasha ugomvi. Aliyebeba jembe pamoja na mashaka ya mwezi mzima, amebeba mizigo miwili.

Tujifunze kwa warina asali wa Katavi. Katika misitu ya miombo ya Mpanda na Mlele hutundika mizinga mitini, na siku ya kurina hapana papara. Mrina apuliza moshi kidogo kidogo, asogeza mkono pasipo kushtuka, afungua mzinga bila kuugonga. Sababu yake yajulikana: nyuki mmoja aumapo hutoa harufu inayowaamsha wenzake, na moshi huifunika harufu hiyo. Basi mwenye kuwaza ya sokoni akiwa juu ya mti hulipa papo hapo. Nyuki humfundisha mtu kuwapo pale alipo.

Mkoa huo watupa na mfano wa pili. Huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, alifika mwaka 1889 Adriano Atiman, mzaliwa wa Afrika ya Magharibi, aliyetekwa utumwani akali mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe, kisha akasomea uganga huko Malta. Alidumu Karema, mganga na katekista, hata alipofariki mwaka 1956. Miaka 67 ya utumishi haijazwi na mambo makuu. Hujazwa na kidonda kimoja kilichosafishwa vema, kisha kingine. Mgonjwa mmoja, kisha mwenzake.

Labda mtu atauliza: je, nikiacha kuiwaza ada, nani atailipa? Swali hili ni la haki. Hatusemi shida isahauliwe. Twasema ipewe saa yake. Baba na mama na waketi pamoja jioni moja, waandike deni lote, wapange la kulipa kwanza. Lakini kuliwaza deni wakati wa kupeta mchele hakulipunguzi hata senti moja, na mawe hubaki mcheleni.

Njia yenyewe ni nyepesi. Chagua kazi moja ya kila siku, kama kuosha vyombo au kufagia ua. Ianze kwa ishara ya Msalaba. Weka simu mbali. Sikia ubaridi wa maji, tazama sahani iliyo mkononi, vuta pumzi taratibu. Mawazo yatatoroka, maana ndiyo desturi yake. Usijikaripie, yarudishe kwa upole kama mchungaji arudishavyo mbuzi. Na mwenye huzuni au hofu isiyomwacha wiki hata wiki, asione haya kwenda kwa mganga hospitalini.

Bwana wetu hakumkemea Marta kwa sababu ya kupika, bali kwa kuhangaikia mengi. Chungu kimoja, kikipikwa kwa moyo uliotulia, chatosha kuwa sala. Na watoto waliokizunguka watakula kwa amani.