Somo: Kubadilisha Pakingi ya Shafti

Ndugu wafanyakazi, baadhi ya mashua za Port Bell na pampu nyingi za viwandani hufanana kwa jambo moja: shafti huzungushiwa pete za pakingi kuzuia maji.

Kwanza zimeni injini, mashua ivutwe nchi kavu. Lowesheni pakingi kuukuu kabla ya kuitoa. Huenda ina asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Toeni pete zote. Wekeni mpya, maungio yasipangane mstari mmoja. Kazeni nati sawasawa. Shafti ikizunguka, matone machache yadondoke kuipoza. Pakingi ikikauka, huungua na kuikwaruza shafti.

Msimamizi akiamuru kazi hii ifanywe injini ikizunguka, kataeni kwa pamoja. Shafti ina kipuri, mkono hauna.