JIKO LA MKAA CHUMBANI: GESI INAYOKALIA KITI CHA OKSIJENI

Majira ya baridi yakifika, familia nyingi huingiza jiko la mkaa chumbani ili watoto wapate joto. Mlango hufungwa, watu husali na kulala. Asubuhi majirani hubisha hodi, wala hakuna anayeitika. Mwezi huu tuone sababu yake. Wanafunzi wa kidato cha tano na sita wawasomee wazazi, maana somo lao la kemia limo humu.

Umbo la molekuli
Mkaa ukiungua penye hewa ya kutosha hutoa kaboni dioksaidi: atomi ya kaboni katikati ya atomi mbili za oksijeni, zote tatu katika mstari ulionyooka. Hewa isipotosha, hutoka pia kaboni monoksaidi: atomi moja ya kaboni na moja ya oksijeni tu. Haina rangi wala harufu. Moshi ukiisha na makaa kuwa mekundu, watu hudhani jiko ni salama. Sivyo.

Oksijeni tunayovuta nayo ina atomi mbili. Ndani ya chembe nyekundu za damu mna himoglobini, na kila molekuli yake ina viti vinne. Katika kila kiti kuna atomi moja ya chuma. Hapo ndipo oksijeni hukaa ikisafirishwa mwilini. Kaboni monoksaidi, ndogo vilevile, hukalia kiti hichohicho na kukishikilia kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ni abiria asiyetaka kushuka.

Sumaku na damu
Je, chuma cha damu huvutwa na sumaku? Mwaka 1936 Linus Pauling na Charles Coryell walipima jambo hili huko Marekani. Himoglobini isiyobeba oksijeni huvutwa, lakini kidogo mno, kwa kuwa kila atomi ya chuma ina elektroni nne zisizo na wenzi. Ikibeba oksijeni au kaboni monoksaidi, elektroni zote hupata wenzi, na sumaku huisukuma kidogo. Kwa kipimo hicho, damu yenye uhai na damu yenye sumu hufanana! Hata rangi, zote ni nyekundu ang'avu. Basi wekundu wa midomo usikudanganye.

Dalili
Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na kuchanganyikiwa. Wengi hudhani ni malaria, au hata uchawi. Wakiugua wote nyumbani kwa pamoja, fikirieni jiko kwanza. Mama mjamzito na mtoto aliye tumboni wamo katika hatari kubwa.

La kufanya
1. Fungua milango na madirisha, mtoe mgonjwa nje, na jiko pia.
2. Mpeleke hospitali upesi, hata kama amezinduka. Oksijeni safi huiondoa sumu haraka kuliko hewa ya kawaida.
3. Usitegemee beseni la maji chumbani; gesi hii haiyeyuki kwa urahisi katika maji.
4. Pikia mahali penye hewa. Kulala, ongezeni blanketi, si makaa.

Maswali kwa Jumuiya
Je, katika Jumuiya yetu nani hulala na jiko ndani? Tumsaidieje apate blanketi?