Somo la 9: Samadi ya Maji na Kisima cha Kijiji

Katika vijiji vingi vya Kilimanjaro, Meru na Rungwe, ng'ombe wa maziwa hapelekwi machungani. Hufungwa bandani na kukatiwa majani. Ufugaji huu ni mzuri. Lakini kinyesi na mkojo hubaki mahali pamoja. Banda likioshwa, vitu hivyo huchanganyika na maji. Hiyo ndiyo samadi ya maji.

Ng'ombe mmoja mkubwa hutoa kinyesi na mkojo kiasi cha kilo 30 kwa siku. Ng'ombe watatu hutoa karibu kilo 90. Je, samadi hiyo huenda wapi? Wengine huiacha itiririke mtaroni. Wengine huimwaga yote penye migomba michache iliyo karibu na banda. Njia zote mbili ni hasara, tena ni hatari.

Samadi hufikaje kisimani?

Samadi ina naitrojeni, ambayo ni chakula cha mimea. Ndani ya udongo, naitrojeni hugeuka kuwa chumvi iitwayo naitreti. Chumvi hii huyeyuka katika maji. Haionekani wala hainuki. Mizizi huinyonya. Lakini samadi ikizidi, mizizi haiwezi kuimaliza. Mvua ikinyesha, naitreti iliyobaki huzama pamoja na maji mpaka chini kabisa. Maji hayo ya chini ndiyo yanayolisha visima na chemchemi. Udongo wa kichanga na miamba yenye nyufa huyapitisha upesi zaidi.

Hatari yake ni nini?

Mwaka 1945 daktari Hunter Comly wa Marekani alieleza habari za watoto wachanga wa jimbo la Iowa waliogeuka rangi ya buluu. Walipewa maziwa yaliyochanganywa na maji ya visima vyenye naitreti nyingi. Naitreti huzuia damu ya mtoto mchanga isibebe oksijeni ya kutosha. Mtoto anaweza kufa. Shirika la Afya Duniani linashauri naitreti isizidi miligramu 50 katika lita moja ya maji ya kunywa.

Kuchemsha maji huua vijidudu vya kuhara. Lakini kuchemsha hakuondoi naitreti. Kwa hiyo ni lazima tuizuie isifike kisimani.

Tufanye nini?

1. Tuchimbe shimo la samadi upande wa chini wa kisima, angalau mita 30 kutoka kisimani.

2. Tusakafie shimo kwa saruji ili lisivuje. Tulifunike na kulizungushia uzio, watoto wasitumbukie. Mtu asiingie ndani, kwa maana hewa ya shimoni huua.

3. Maji ya mvua ya paa yasiingie shimoni. Tuyachimbie mfereji wake.

4. Tuchanganye debe moja la samadi na madebe mawili ya maji. Tumwage katika vifereji karibu na mimea, kisha tufukie kwa udongo.

5. Tugawe samadi kidogo kidogo kwa shamba zima: migomba, mahindi na majani ya ng'ombe. Tumwage wakati mimea inakua.

6. Tusimwage mvua kubwa inapokaribia, wala kwenye udongo uliolowa sana.

7. Tusimwagie mboga zinazoliwa mbichi.

Tukumbuke pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Tusichimbe shimo wala kumwaga samadi humo.

Samadi ikienda kwenye mizizi, tunavuna. Ikienda kisimani, tunaugua.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini maji yaliyochemshwa yanaweza bado kumdhuru mtoto mchanga?

2. Ng'ombe wanne hutoa kilo ngapi za kinyesi na mkojo kwa siku 7?

3. Nendeni kisimani pamoja. Pimeni hatua mpaka kwenye banda la karibu. Je, banda liko juu au chini ya kisima? Mtafanya nini?