Pamba Herufi, Usiibadili: Maandishi ya Madoido na Msomaji Asiyeona

Utangulizi

Katika vyuo vyetu vya ualimu tumezoea kumfunza mwanachuo namna ya kuandika ubaoni: herufi ziwe kubwa, mistari inyooke, na chaki ya rangi itumike pale tu inapoongeza maana. Siku hizi sehemu kubwa ya maandishi ya mwalimu haipiti tena ubaoni. Matangazo, muhtasari wa masomo na maswali ya mazoezi hutumwa kwa simu na kompyuta. Makala haya yanakusudia kueleza kosa moja linalofanywa na walimu wengi, nami nikiwa mmoja wao, na kupendekeza namna ya kulifundisha katika vipindi viwili.

1. Kosa lenyewe

Mwaka jana, tulipokuwa tukijiandaa kwa mazoezi ya kufundisha, niliwatumia wanachuo wangu tangazo katika kundi la simu. Tangazo la awali lilikuwa limetaja Jumanne. Hili jipya liliirudisha safari nyuma hadi Jumatatu. Ili siku na mahali pa kukutania visisahaulike, niliviandika kwa herufi nene za madoido nilizozipata katika tovuti moja. Humo unaandika maneno yako ya kawaida, nayo hukurudishia yakiwa yamerembwa.

Jumatatu mwanachuo mmoja hakuonekana. Ni kijana asiyeona, ambaye simu yake humsomea kwa sauti kila kilichoandikwa. Alifika Jumanne, mkoba begani, gari likiwa limekwisha ondoka. Niliporudi na kutaka kumkemea, alinisogezea simu sikioni akasema kwa upole, "Mkufunzi, sikiliza mwenyewe." Sauti ikasoma: "Tutaondoka siku ya, saa mbili asubuhi, kutoka. Asiyefika atakuwa amejichelewesha mwenyewe." Siku haikutajwa, wala mahali hapakutajwa. Onyo peke yake ndilo lililomfikia barabara. Alidhani nimesahau kuandika, naye akashika tangazo la awali. Siku zake za kwanza za mazoezi zilipotea, na lawama haikuwa yake.

2. Herufi ni namba

Jicho huitambua herufi kwa umbo lake. Kompyuta haina jicho; huitambua herufi kwa namba. Yunikodi ni utaratibu wa kimataifa wa kuzipa namba herufi za lugha mbalimbali, na toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka 1991. Katika utaratibu huo A kubwa ni namba 65, na a ndogo ni namba 97. Mwandishi akiikoleza A hiyo kwa kitufe cha programu ya kuandikia, namba inabaki 65. Kilichobadilika ni vazi tu. Ni sawa na kuiandika A kwa chaki nyekundu: ingali A.

Herufi za tovuti za madoido sivyo zilivyo. A nene itokayo huko ni namba 119808, nayo ni alama nyingine kabisa. Iliingizwa katika Yunikodi mwaka 2001 kwa ajili ya wanahisabati. Kwao, v nene na v ya mlazo katika mlinganyo mmoja zaweza kuwa vitu viwili tofauti, mathalani vekta na ukubwa wake. Kwa hiyo kila moja ilihitaji namba yake. Fungu hilo lina alama 996. Tena lina pengo: h ndogo ya mlazo haimo, kwa kuwa ilikwisha pewa namba mapema zaidi, ikiwa alama ya namba isiyobadilika ya Planck katika fizikia. Basi aandikaye neno "habari" kwa herufi hizo za mlazo huanza na alama ya fizikia pasipo kujua.

Tovuti nyingine huazima mbali zaidi: katika alama za kifonetiki, katika alfabeti ya Kirusi, au katika silabi za Kicheroki, mwandiko ambao Sequoyah aliukamilisha mwaka 1821 kwa ajili ya watu wake huko Marekani. Humo alama ifananayo na M husomwa "lu", na ifananayo na T husomwa "i". Jicho hudanganyika; namba haidanganyiki.

3. Yanayomfika msomaji

Programu ya kusomea skrini inapokutana na alama hizo, huweza kutokea moja kati ya mambo matatu. Pengine huzisoma kama herufi za kawaida. Pengine hutaja jina refu la kila alama, "herufi nene ya kihisabati, J kubwa", na kuendelea hivyo mpaka neno la herufi nane limegeuka kuwa hotuba. Pengine huziruka kimya kimya. Hili la mwisho ndilo baya kupita yote, maana asikiaye jina refu hujua kuwa kuna kitu, lakini asikiaye kimya hajui kuwa amenyimwa.

Madhara hayaishii hapo. Kifaa cha nukta nundu kilichounganishwa na kompyuta huweza kukosa vidole vya kuonyesha alama hizo. Simu ya zamani huweza kuonyesha visanduku vitupu, hata kwa mwenye macho yake mawili. Na aghalabu atafutaye neno "Jumatatu" katika ujumbe uliopita halipati.

Mafundi wamejitahidi. NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2006 huko Australia, iliongezewa katika toleo lake la 2024.3 uwezo wa kuzirudisha alama za kihisabati kwenye herufi zake za asili, mtumiaji akipenda. Lakini dawa hiyo haiponyi herufi za Kirusi wala za Kicheroki, kwa sababu hizo ni herufi halali za lugha zake. Shirika la W3C, liwekalo viwango vya tovuti, nalo limekwisha eleza kuwa kutumia alama zinazofanana na herufi badala ya herufi zenyewe, bila kuweka maandishi mbadala, ni kukiuka kigezo 1.1.1 cha miongozo yake ya ufikivu. Wajibu umebaki kwa mwandishi.

4. Andalio la somo

Muda: dakika 80. Zana: simu mbili zenye programu ya kusomea skrini, kadi za karatasi, ubao na chaki.

Hatua ya kwanza: kusikia kabla ya kuona. Wanachuo wafumbe macho. Simu isome tangazo lenye herufi za madoido, nao waandike walichokisikia. Wakifumbua macho, walinganishe walichoandika na tangazo lenyewe. Mkufunzi asiharakie kueleza, awaache waulize. Yafaa ajizoeze mapema kuiwasha na kuizima programu hiyo, kwani ikiwashwa namna ya kugusa skrini hubadilika: kugusa mara moja husoma, kugusa mara mbili hufungua.

Hatua ya pili: mchezo wa namba. Kila kundi lipewe kadi yenye namba za herufi, kuanzia 65 kwa A hadi 90 kwa Z. Mmoja ataje namba, mwingine aandike herufi ubaoni. Neno likiwa katikati, atajiwe 119808. Ataduwaa, au ataruka. Hapo darasa litakuwa limeiona kompyuta kazini, hata kama umeme umekatika.

Hatua ya tatu: kurekebisha. Kila mwanachuo aandike upya tangazo bovu kwa kufuata kanuni hizi:

(a) Neno muhimu litangulie. Mahali pake hulikuza kuliko mapambo.
(b) Msisitizo utokane na programu yenyewe. Katika WhatsApp, kwa mfano, neno likiwekwa kati ya nyota mbili hunenepa, na namba za herufi zake hazibadiliki.
(c) Vichwa vya habari viwekwe kwa mtindo wa vichwa uliomo katika programu ya kuandikia.
(d) Tangazo lisikilizwe kwa simu kabla ya kutumwa.

Tahadhari: ikiwa darasani yumo mwanachuo asiyeona, asigeuzwe kuwa zana ya kufundishia. Aombwe faragha kama angependa kushiriki. Akikubali, aongoze yeye hatua ya kwanza.

5. Tathmini

1. Eleza tofauti kati ya A iliyokolezwa kwa programu ya kuandikia na A nene ya kihisabati.
2. Kwa nini kimya cha programu huweza kudhuru kuliko kusoma vibaya?
3. Chagua matangazo matatu ya shuleni, uyasikilize kwa simu, kisha uandike ripoti fupi.

Hitimisho

Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga sheria yake kuhusu watu hao. Lakini mkataba hauingii darasani wenyewe. Huingizwa na mwalimu, na mara nyingine kwa jambo dogo kama kuandika "Jumatatu" kwa herufi za kawaida. Tangu siku ile, kila tangazo langu hulisikiliza kwanza. Wakufunzi wenzangu watakaolijaribu somo hili nawaomba waandike katika jarida hili juu ya yale yaliyowashinda, ili tulirekebishe pamoja.