Kipimo kinasema tupu, mtungi umejaa nusu

Swali: Kihisi cha kina kwenye mtungi wetu wa naitrojeni ya kuhifadhia mbegu za ng'ombe kinaonyesha karibu sifuri, ilhali rula inaonyesha nusu. Nilikirekebisha kwa maji. Tatizo ni nini?

Jibu: Ni hayo maji. Kihisi cha aina hiyo hupima chaji inayohifadhiwa kati ya mirija miwili. Maji huiongeza takriban mara 80. Naitrojeni kimiminika, mara 1.4 tu! Kikaushe kabisa, kisha kirekebishe ndani ya naitrojeni yenyewe, ukisubiri mchemko utulie. Alama ya "tupu" iweke kikiwa bado cha baridi, kikining'inia juu ya kimiminika. Hakiki kwa mizani: lita 1 ni takriban kilo 0.8. Madirisha yawe wazi, na rula usiitupe. Ukiichomoa, mstari wa barafu huonyesha kina, na hauhitaji betri.