Kipimo rahisi, kipimo ghali

Swali: Mama mwenye VVU anayeishi Nyakato, Mwanza, amempeleka kliniki mtoto wake wa wiki 6. Mtoto apimwe kwa njia gani?

Mtahiniwa, usikimbilie kipimo cha haraka kwa kuwa ni cha bei nafuu. Kwa mtu mzima kinafaa sana. Lakini kinatafuta kingamwili, na mtoto huyu amezaliwa na kingamwili za mama zilizopita kwenye kondo; huweza kubaki hadi miezi 18. Jibu la "chanya" litamweleza mama, si mtoto. Fedha imepotea.

PCR hutafuta vinasaba vya kirusi chenyewe. Ni ghali, ila matone ya damu ya kisigino hukaushwa kwenye karatasi maalumu na kupelekwa maabara kubwa, kama ya Bugando, bila barafu. Bila dawa, karibu nusu ya watoto walioambukizwa hufa kabla ya miaka 2.

Ukiandika tu "PCR ni bora", hujajibu: taja kingamwili za mama.