Ulifanya Kazi Saa Ngapi? Acha Simu Yako Ikuwekee Hesabu

Umelipwa. Meseji imeingia: jina la bosi liko hapo, kiasi kiko hapo, tarehe pia. Lakini isome tena. Hakuna mahali inasema pesa hiyo ni ya siku gani ama saa ngapi za kazi. Ubishi huanzia hapo, hasa kama wewe ni kibarua na unalipwa kidogo kidogo: 500 ya nauli Jumatano, 2,000 Ijumaa, halafu "nitakutumia iliyobaki." Wiki mbili zikipita, kila mtu ana hesabu yake kichwani.

Si lazima uwe na simu kubwa ndio uweke rekodi. Hata mulika mwizi inatosha. Kila siku ukitoka kazini, kabla hujapanda matatu, mtumie bosi ama msimamizi SMS moja fupi:

"Habari ya jioni. Leo Jumanne nimeingia 07:30, nimetoka 17:30, mapumziko dakika 60. Jumla saa 9."

Mbona umtumie yeye, si ujiandikie tu? Kwa sababu SMS iliyotumwa inabaki na tarehe na saa yake, na akijibu "sawa" basi mmekubaliana siku hiyo hiyo, kazi ikiwa bado mbichi akilini. Kama hajibu, si neno. Endelea kutuma.

Umeona tumeandika 07:30, si saa moja na nusu? Tukiongea, hakuna anayepotea. Lakini andika "nimeingia 1:30" uone. Mwezi ukiisha, mtu anaweza kuisoma kama saa saba na nusu mchana, na hapo umepoteza saa sita kwa kuandika vibaya tu. Andika vile simu inaonyesha, na kama inaruhusu, iweke kwenye saa 24. Mapumziko pia yaandike kwa dakika, maana "mapumziko saa 1" inaweza kusomeka kama muda ama kama wakati wa saa. Walinzi wa usiku, tumieni tarehe ya kuingia: 18:00 hadi 06:00 ni saa 12, za siku mliyoanza.

Tuseme unaosha magari na mmekubaliana Sh100 kwa saa. Jumatatu hadi Ijumaa umefanya saa 9 kila siku, hizo ni 45. Jumamosi saa 7. Jumla 52, yaani Sh5,200. Sasa fungua meseji za malipo: 500, 2,000, 2,500. Hiyo ni Sh5,000. Kumebaki 200, na unaweza kuidai kwa adabu bila kelele: "Bosi, wiki hii nina saa 52, nimepokea 5,000, imebaki 200." Ni ngumu kubishana na meseji kama hiyo. (Ikiwa kuna advansi ulipewa mkononi, iandike pia. Rekodi inayoficha upande mmoja haitakusaidia.)

Kuna sababu nyingine kubwa kuliko hiyo 200. Chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja ama zaidi hahesabiwi tena kama kibarua wa siku. Anapata haki za mtu wa mshahara wa mwezi, ikiwemo notisi kabla ya kuachishwa. Bosi akisema ati ulikuwa unakuja mara moja moja, SMS zako za kila jioni zitaonyesha ulikuwa unakuja siku gani.

Usifute meseji za malipo kwa sababu simu imejaa. Nakili kwanza kwenye daftari: tarehe, kiasi, nambari ya muamala. Zikishapotea, bado unaweza kuomba taarifa ya akaunti yako. Na kazi hii yote haihitaji PIN, kwa hivyo msimamizi akikuomba PIN "aingize masaa," mwambie hapana.

Mkishindwa kuelewana, beba simu na daftari hadi ofisi ya leba iliyo karibu nawe. Usikae sana: madai ya kazi kwa kawaida yana kikomo cha miaka 3.